Kusoma risala si kupenda kitabu

Kila Novemba, kuanzia Tunduma hadi Ipogolo, shule za chekechea hufanya mahafali. Watoto wa miaka mitano huvishwa majoho, hupangwa mstari chini ya turubai, na mmoja wao husogezewa kipaza sauti amsomee mgeni rasmi risala. Anaisoma yote bila kukwama. Wazazi hushangilia, wengine hunyanyuka kwenda kumtunza, na Januari ikifika shule hiyo hujaza madawati. Mahafali haya si mapya, ila sasa yamepata hoja ya kuyabeba. Sera ya Elimu na Mafunzo ya Tanzania ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imeifupisha shule ya msingi kutoka miaka saba kuwa sita, na mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024. Wazazi wengi wa huku kwetu nyanda za juu kusini wameielewa habari hiyo hivi: muda umepungua, basi mtoto awahi. Ndiyo maana watoto wa miaka minne wanapelekwa tuisheni ya silabi, na shule inayowachelewesha kusoma inahesabiwa kuwa mbovu.

Sera imeeleweka kinyume. Mwaka uliopunguzwa umetoka juu, kule darasa la saba, haukutoka chini. Elimu ya awali imebaki mwaka mmoja, na darasa la kwanza na la pili bado ni madarasa ya KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Tena elimu ya lazima imerefuka: sasa ni miaka kumi, sita ya msingi na minne ya sekondari. Mtoto anayeanza leo atakaa na vitabu muda mrefu kuliko kaka yake aliyemtangulia, kwa hiyo la kuuliza ni kama atafika huko bado ana hamu navyo. Msimamo wangu ni huu. Katika Kiswahili, kutamka maandishi ndiyo sehemu nyepesi ya kusoma, kazi ya mwaka mmoja wa darasa linalofundishwa vizuri. Sehemu nzito, ambayo ndiyo itakayoamua kama mtoto atakuwa msomaji akiwa na miaka 12, ni kutaka kusoma. Hiyo haianzi na herufi. Huanza sikioni, kwa sauti ya mtu anayemsomea, na hukua kwa vijitabu vingi vifupi vinavyoruhusiwa kuchakaa.

Tuanze na huo wepesi, maana ndio unaotudanganya. Kiswahili kina irabu tano, na kila moja ina sauti moja popote ilipokaa. Mtoto akishika a e i o u, akaongezewa ma me mi mo mu na ka ke ki ko ku, anaweza kutamka mama, kuku, kima na maneno mengi ambayo hajawahi kuyaona. Mwalimu mzoefu huanza na konsonanti zinazovutika mdomoni kama m, s, l na n, kwa sababu mtoto huisikia mmm ikiungana na a. Akianza na b au k sauti hukatika, na mtoto huishia kusema "bu-a" pale panapotakiwa ba. Baadaye huja ch, sh, ny na ng', kisha mwambatano: mba, nda, kwa, mwa, njwa. Hapo ndipo wengi hukwama, na chanzo huwa haraka. Mtoto anayesoma "boga" vizuri hukutana na "mboga" akasema "mu-boga", au husoma ng'ombe na ngoma kwa mwanzo uleule, kwa kuwa silabi hizo zilipitishwa ubaoni kwa wiki moja wakati zilihitaji mwezi. Zikipewa muda, zote hukaa. Utafiti mmoja uliolinganisha lugha 13 za Ulaya, uliochapishwa mwaka 2003, ulionyesha kwamba watoto wa Kifini, Kigiriki na Kihispania husoma maneno kwa usahihi kabla mwaka wa kwanza wa shule haujaisha, na wenzao wa Kiingereza huhitaji zaidi ya mara mbili ya muda huo, kwa sababu tahajia ya Kiingereza haifuati sauti. Kiswahili kipo upande wa Kifini.

Sasa mtoto huyo mpe sentensi hii: "Hatimaye mkulima akatokomea kandokando ya mto." Ataitamka safi, kila silabi mahali pake, na huenda hajui hatimaye ni nini wala kutokomea ni kufanya nini. Msikilizaji hawezi kugundua. Katika Kiingereza asiyelijua neno mara nyingi hulitamka vibaya, na kosa lake husikika. Katika Kiswahili ujinga wa maana hujificha nyuma ya matamshi mazuri. Mwaka 1986 wataalamu wawili, Philip Gough na William Tunmer, walieleza kusoma kama hesabu ya kuzidisha: uwezo wa kutambua maandishi mara uwezo wa kuielewa lugha yenyewe. Upande mmoja ukiwa sifuri, jibu ni sifuri, hata upande wa pili uwe mkubwa kiasi gani. Risala ya mahafali hupima upande mmoja tu. Na mara nyingine hata huo haiupimi, kwa sababu mtoto amerudishwa kwenye karatasi ileile kwa majuma matatu hadi anaijua kwa moyo. Njia za kutofautisha ni rahisi. Funika picha, umwambie asome. Onyesha neno lililo katikati ya ukurasa, si la kwanza. Kisha funga kitabu, umwombe akusimulie kilichotokea kwa maneno yake. Anayekariri hushindwa jaribio la pili; anayetamka bila kuelewa hushindwa la tatu. Niseme pia kwamba mtoto wa miaka minne anayefunua kurasa na "kusoma" hadithi aliyoikariri hafanyi kosa lolote. Hiyo ni hatua njema, inaonyesha ameshajua kwamba kitabu kina maneno yasiyobadilika. Kosa ni la mtu mzima anayeichukua hatua hiyo kuwa mwisho wa safari.

Kwa huku kwetu upande wa pili wa hesabu ile una uzito wa pekee. Mtoto wa Busokelo huamka na Kinyakyusa, wa Ilula na Kihehe, wa Makambako na Kibena, wa Vwawa na Kinyiha. Kiswahili anacho, lakini ni cha kuchezea na cha kutumwa dukani. Kiswahili cha kitabu ni kingine: kina ghafla, kina hatimaye, kina vitenzi virefu kama "walipokaribia" na "aliyempelekea", ambavyo mtoto hawezi kuvipata kwenye mchezo wa mpira wa makaratasi. Anavipata akisomewa. Aliyesomewa hadithi kuanzia miaka mitatu hukutana na maneno hayo darasa la kwanza kama watu anaowafahamu kwa sauti na sasa anawaona kwa sura. Asiyesomewa hukutana na wageni wawili kwa wakati mmoja, herufi na neno. Hapa walimu wetu wanahitaji pia uangalifu wa aina nyingine. Mtoto anayesema "selasini" badala ya thelathini au "zahabu" badala ya dhahabu hajashindwa kusoma. Sauti za th na dh hazimo katika lugha ya nyumbani kwao. Ameliona neno, amelijua, amelisema kwa ulimi alionao. Mwalimu akimkatisha hapo na darasa likacheka, mtoto hujifunza kwamba kusoma mbele ya watu ni hatari, na hilo hulikumbuka muda mrefu kuliko sauti ya th.

Kumsomea mtoto kuna ufundi wake. Dakika kumi hadi kumi na tano zinatosha. Wa miaka mitatu apewe tano, na zikatishwe kabla hajachoka, ili kesho adai. Saa isibadilike. Juni na Julai baridi hutusukuma wote jikoni kwenye moshi na mwanga hafifu, kwa hiyo saa kumi na moja na nusu jioni, kabla ya kubandika ugali, ni bora kuliko usiku. Mtoto akae ubavuni au mapajani ayaone maandishi, asikae mbele akitazama jalada. Mwache aangalie picha kwanza, maana akinyimwa picha hatasikiliza maneno. Telezesha kidole chini ya mstari kwa mwendo wa sauti, usikigongegonge kila neno. Unapofika ukurasa ambapo jambo linakaribia kutokea, nyamaza kabla ya kufunua, hesabu kimoyomoyo hadi tatu, muulize anadhani nini kitafuata. Jibu lolote lipokee. Neno geni lieleze kwa neno moja la lugha ya nyumbani kisha uendelee. Maelezo marefu huzima hadithi. Akitaka kitabu kilekile siku ya nne, kisome. Mara ya kwanza hufuata tukio, mara ya pili hushika maneno, mara ya tatu huanza kusema pamoja nawe, na hapo ndipo maneno ya kitabu yanapokuwa yake.

Atakapoanza kusoma mwenyewe, kanuni hugeuka: mtu mzima apunguze mdomo. Mtoto akikwama, subiri tena hadi tatu kabla ya kumsaidia, kwa kuwa mara nyingi neno lilikuwa njiani. Likiwa kitenzi kirefu kama "hawakumsalimia", kigawanye kwa kidole: ha-wa-ku-m-sa-li-mi-a, kisha yeye akisome chote kwa mkupuo. Akikwama zaidi ya mara tano katika ukurasa mmoja, kitabu ni kizito. Msomee wewe, yeye apewe chepesi zaidi. Kitabu cha kuanzia kiwe na sentensi moja kwa kila ukurasa, kurasa zisizidi 16. Wazazi wengi hununua kitabu kinene "akue nacho". Mtoto hukua nacho kweli, kikiwa juu ya kabati.

Kuna desturi moja ya darasani ambayo nadhani imeharibu zaidi ya tunavyokiri, nayo ni swali la mwisho: "Hadithi hii inatufundisha nini?" Huulizwa baada ya kila hadithi, kuanzia awali hadi darasa la saba, na jibu linajulikana: tusiwe wachoyo, tuwatii wazazi, tusiseme uongo. Baada ya miezi michache mtoto huacha kuisikiliza hadithi na kuanza kutafuta jibu. Sungura aliyedanganya wanyama wote kisimani hawezi tena kuchekwa wala kuonewa huruma. Amekuwa somo la uraia. Bibi zetu hawakufanya hivyo. Bibi alianza kwa "hadithi, hadithi", watoto wakaitikia "hadithi njoo", akasimulia akaishia penye mwisho, na fundisho likakaa ndani ya tumbo la hadithi kama kokwa ndani ya parachichi. Mwalimu anayetaka kujua kama watoto wameelewa ana maswali bora: Nani ulimwonea huruma? Ungekuwa wewe fisi ungefanyaje? Ukurasa upi nirudie? Hilo la tatu ndilo lenye taarifa nyingi kuliko yote, kwa sababu mtoto anayechagua ukurasa tayari ana anachokipenda.

Wapo wanaopinga msisitizo huu wa kupenda, na hoja zao hazilingani uzito. Iliyo nzito zaidi husema hivi: kupenda ni anasa, mfundishe kwanza asome, mapenzi yatakuja yenyewe. Sehemu ya hoja hii ni kweli kabisa. Hakuna mtoto anayependa jambo linalomuumiza, na kusoma kwa kukwamakwama kunaumiza. Silabi lazima zifundishwe wazi, kila siku, kwa mpangilio, na mwalimu anayeziacha akitegemea kwamba vitabu vizuri vitamfundisha mtoto vyenyewe anawadhulumu hasa wale ambao nyumbani hakuna maandishi. Makosa ya hoja hii yapo katika neno "kwanza". Inadhani kwamba kusikiliza hadithi na kujifunza silabi hugombania muda mmoja, kwamba dakika iliyotumika kusoma kwa sauti imeibwa kwenye ubao. Hesabu haikubali. Mwaka wa masomo una siku 194. Dakika kumi za hadithi kila siku ni kama saa 32 kwa mwaka mzima, muda ambao darasa kubwa hupoteza kwa foleni ya kusahihishiwa madaftari pekee. Na dakika hizo kumi ndizo zinazompa mtoto sababu ya kuvumilia zile nyingine za mba, nda, nga.

Hoja ya pili ni umaskini, na ninaiheshimu. Mama anayeondoka alfajiri kuchuma chai au kupalilia viazi hurudi amechoka, na pengine yeye mwenyewe hasomi kwa wepesi. Kumwambia anunue vitabu kumi ni kumtukana. Lakini hoja hii huwataja wazazi tu, na nyumba zetu zina watu wengine. Dada wa darasa la tano anaweza kumsomea mdogo wake, tena akafaidika kuliko mdogo, kwa sababu kitabu chepesi kinachosomwa kwa kumsomea mwingine humpa mazoezi bila aibu ya kusoma "vitabu vya watoto". Bibi asiyejua herufi anaweza kushika kitabu cha picha na kukisimulia kwa Kihehe au Kisafwa. Mtoto hupata mpangilio wa hadithi, sababu na matokeo, na hayo hayana lugha. Kinachokosekana ni kitabu chenyewe kufika nyumbani. Hilo ni tatizo la usambazaji, nitalirudia.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayorudiwa zaidi vikaoni: kwamba sisi hatuna utamaduni wa kusoma, ni watu wa kusimulia, ndivyo tulivyo. Anayesema hivyo amesahau historia ya nchi hii. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Watu wenye mvi walikaa chini ya miembe na vibao vyao, vijiji vikawa na maktaba ndogo, yakachapwa magazeti mepesi ya vijijini kama Elimu Haina Mwisho, na ilipofika 1986 takwimu za serikali zilionyesha kuwa takriban watu wazima tisa kati ya kumi wanajua kusoma. Kisha uchumi ulipoyumba karatasi ikaadimika, magazeti yakaacha kufika vijijini, maktaba za vijiji zikafa, na wengi waliojifunza wakasahau kwa kukosa cha kusoma. Utamaduni haukuwahi kukosekana. Kilichokatika ni ugavi. Na huku kwetu ushahidi uko karibu zaidi. Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, na tangu enzi hizo watu wa mlimani wamekuwa na maandishi katika lugha zao. Jumapili yoyote utamwona mzee wa Tukuyu ambaye hajagusa gazeti mwaka mzima akifungua kitabu cha nyimbo kwa namba na kufuata beti nne bila kukosea. Anasoma kwa sababu kitabu anacho, kinamhusu, na anakisoma pamoja na wenzake. Masharti hayo matatu ndiyo yaleyale anayoyahitaji mtoto.

Hoja ya wanaotaka mtoto aanze kusoma kwa Kiingereza nitaipitia haraka. Mzazi anayemnunulia mtoto wa miaka minne vitabu vya Kiingereza pekee anamtaka avuke mito miwili kwa pamoja: lugha asiyoijua na tahajia isiyofuata sauti. Ujuzi wa kusoma huhama kutoka lugha moja kwenda nyingine. Aliyeshika kwa Kiswahili kwamba herufi ni sauti na sauti ni maana hatajifunza hilo upya. Vitabu vya Kiingereza visomwe naye, kwa sauti, na mtu anayekijua, wakati misuli ya kusoma inajengwa kwa Kiswahili.

Turudi kwenye ugavi. Kuna sehemu mbili za tatizo, na tunapenda kuizungumzia moja. Vitabu vya hadithi kwa Kiswahili vipo: Mradi wa Vitabu vya Watoto ulianza kazi mwaka 1991, wachapishaji wa ndani wana orodha nzuri, na maktaba ya mtandaoni ya African Storybook ya Afrika Kusini ina hadithi za Kiswahili zinazoruhusiwa kupakuliwa na kuchapwa bure. Sehemu ya pili haisemwi: vitabu vinavyofika shuleni hufungiwa. Huwekwa kwenye kabati la ofisi, funguo kwa mwalimu mkuu, kwa hofu kwamba vitachanika na mkaguzi atauliza. Hofu hiyo ina sababu, maana vitabu ni mali ya umma na mwalimu ndiye atakayeulizwa. Basi kiongozi wa elimu wa kata aitoe kwa maandishi: kitabu cha hadithi cha awali na darasa la kwanza ni kifaa kinachoisha, kama chaki. Kijitabu chepesi kikipita mikononi mwa watoto mwaka mzima kitalegea, na kulegea huko ndiko kazi yake.

Na vijitabu vinaweza kutengenezwa. Chukua karatasi nne za A4, zipange, zikunje katikati kwa pamoja: umepata kurasa 16. Ziandike namba za kurasa baada ya kukunja na kabla ya kuandika hadithi, kwa sababu karatasi ya nje hubeba ukurasa wa 1, 2, 15 na 16, na asiyefanya hivyo hugundua hadithi imeruka wakati tayari imekwisha kuandikwa. Jalada liwe kaki ngumu ya aina inayotengenezwa Mgololo, au boksi jembamba. Usitumie pini za stepla: kwa unyevu wa Rungwe na Makete hushika kutu, kutu hula karatasi, na ukurasa wa katikati hutoka wa kwanza. Shona. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo kwa msumari mwembamba, moja katikati na mengine sentimita tano juu na chini yake. Ingiza uzi kutoka ndani kupitia tundu la kati utokee nje, urudi ndani kwa tundu la juu, uvuke kwa ndani hadi la chini utoke nje, kisha urudi ndani kwa la kati. Funga ncha mbili juu ya ule uzi mrefu unaopita ndani ili usichomoke. Rimu moja ya karatasi 500 hutoa vijitabu 125. Kwa darasa la watoto 80, kila mmoja anapata cha kwenda nacho nyumbani na 45 vinabaki darasani. Wanafunzi wa darasa la tano na la sita waandike na kuchora. Hadithi wachukue kwa bibi na babu, kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani. Mwalimu apitie tahajia kwa penseli kabla ya wino, maana kosa lililochapwa wino hujifunzwa na watoto themanini. Herufi ziwe kubwa, karibu sentimita moja, mistari miwili kwa ukurasa.

Kwa kusomea darasa zima kijitabu hakitoshi. Wa nyuma hawaoni. Mwalimu anakili hadithi moja kwenye manila kwa herufi za sentimita nne, watoto wakae chini kwa nusu duara, na kama ni wengi mno wagawanywe mara mbili, nusu wakisikiliza na nusu wakisoma kwa jozi. Hadithi moja isomwe siku nne. Kwa siku 194 hizo ni hadithi kama 48 kwa mwaka, yaani manila moja au mbili kwa juma. Vijitabu vya darasani vining'inizwe kwa vibanio vya nguo kwenye kamba iliyofungwa kimo cha kifua cha mtoto, majalada yakitazama mbele. Kitabu kinachoonyesha mgongo hakichaguliwi na asiyejua kusoma. Vya kuazima vipewe namba, daftari liwe na safu nne tu: tarehe, jina, namba, kimerudi. Novemba hadi Aprili mvua haina huruma, kwa hiyo kila kijitabu kisafiri ndani ya kimfuko kilichoshonwa kwa kiroba cha unga.

Jambo moja la kuepuka ni zawadi za kuahidi. Shule nyingi zikianza kampeni ya kusoma hutangaza kwamba atakayemaliza vitabu kumi atapewa begi. Mwaka 1973 Mark Lepper na wenzake walichapisha uchunguzi wao juu ya watoto wa chekechea huko California waliopenda kuchora. Walioahidiwa cheti kwa kuchora, baada ya kukipata walichora kidogo kuliko zamani. Waliopewa cheti kwa kushtukizwa, na wasiopewa kitu, hawakupungua. Begi humfundisha mtoto kwamba kusoma ni gharama inayolipwa kwa begi. Atachagua vitabu vifupi, atafunua haraka, na begi likishapatikana biashara imeisha. Anayetaka kutoa zawadi atoe kitabu, bila kutangaza, kwa mtoto aliyeonekana kukirudia kitabu kimoja mara nyingi.

Haya yote yakikubaliwa, mipango yetu itabidi isogee chini kiumri. Mtoto wa miaka miwili hayupo shuleni, lakini yupo kliniki: mama humpeleka kupimwa uzito, na hukaa kwenye benchi saa mbili akisubiri. Boston mwaka 1989 madaktari walianza kumpa kila mtoto kitabu anapokuja kupimwa na kumwonyesha mzazi namna ya kukitumia. Birmingham ya Uingereza ikaanza mpango unaofanana na huo mwaka 1992. Zahanati zetu zina benchi hilo tayari. Kamba ya vijitabu vya kushona na dada mmoja wa kujitolea anayesoma kwa sauti siku za kliniki hazihitaji bajeti ya wizara. Maktaba za mikoa, Mbeya na Iringa, zinaweza kutoka nje ya kuta zao na kwenda na sanduku kwenye gulio. Na mahafali yasifutwe. Risala isomwe na mwalimu, na mtoto apewe nafasi ya kuja na kitabu alichokichagua mwenyewe, afungue ukurasa anaoupenda, awaambie wazazi kwa nini.

Mzazi anayezunguka kutafuta shule Desemba hii na aombe kuonyeshwa vitabu vya hadithi vya watoto wa awali, avitazame pembe kama zimejikunja. Aombe daftari la kuazima, atazame tarehe ya mwisho iliyoandikwa. Kisha amuulize mwalimu: jana mliwasomea hadithi gani? Mwalimu anayesoma kila siku hujibu kabla swali halijaisha, na watoto walio karibu naye huwahi kumtangulia.